Bi Shariffa Amur na Somo la Mashujaa Wagonjwa

Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, Bi Shariffa Amur atatoka kwenye lango la chuo chetu cha uuguzi akiwa mstaafu, baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na minne. Programu rasmi ya hafla ya kumuaga, kwa Kiarabu na Kiingereza, itawapa vyeo vyake, vyeti vyake na kamati zote alizokalia. Neno "alizokalia" limeandikwa kwa mazoea tu, maana hapa chuoni ni wachache waliowahi kumwona amekaa. Ukurasa huu wa Kiswahili tuliuomba sisi tunaozungumza lugha hii kazini, tuliotoka Kenya na tuliotoka nyumba za Sib na Matrah hapa Omani, ambako Kiswahili cha Unguja bado ndicho cha jikoni. Tuliuomba kwa sababu yako mambo ya Bi Shariffa ambayo hayaingii kwenye vyeo.

Kiti cha ofisini kwake mpaka leo kina nailoni ya dukani. Mitihani huisahihishia dirishani, amesimama, huku akichungulia nje kama mtu aliyeahidiwa gari na gari halitokei. Mikutanoni husimama karibu na mlango. Bakhit, mlinzi wetu, alipokuwa mgeni kazini alimkuta amesimama pale akadhani ni mzazi wa mwanafunzi anayesubiri kuitwa. Akamletea maji na kumwomba radhi kwa kuwa wakubwa wamechelewa. Bi Shariffa akayanywa maji, akamshukuru sana, kisha akaingia ndani kuuongoza mkutano.

Hadithi ya Bandari ya Sultan Qaboos nayo wengi mnaijua, lakini waajiriwa wapya wanastahili kuisikia. Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga, na Bi Shariffa alikuwa amewapeleka wanafunzi wake pale bandarini kuwapima watu shinikizo la damu. Mara akamwona mzee mmoja wa Kizungu amebandika kwenye koti lake msalaba mdogo wa kijani. Bi Shariffa aliwaacha wanafunzi na vipimo vyao, akamfuata mzee huyo sokoni Matrah, akapita maduka ya udi na maduka ya vito vya fedha, akampata mbele ya duka la vilemba. Hapo alianza kumuuliza kanuni za shirika lake zilikuwaje zamani katika mji wa Akka, na wagonjwa walipewa nini kwenye chakula cha jioni. Mzee alisikiliza kwa adabu, mkewe akiwa pembeni. Kisha akaeleza kwamba yeye ni mfamasia mstaafu, na ule msalaba ni beji ya chama cha wafamasia. Bi Shariffa alirudi akicheka mpaka machozi. Hata hivyo hakuondoka kabla ya kumuuliza kama katika duka lake aliwahi kuuza dawa za ukoma.

Kwa nini msalaba wa kijani umtoe mtu mbio namna ile? Wanafunzi wake wote wanaweza kujibu. Kila mwaka, katika somo la historia ya uuguzi, Bi Shariffa hufundisha habari za Shirika la Mtakatifu Lazaro. Lilianza katika karne ya kumi na mbili kama nyumba ya wagonjwa wa ukoma nje ya kuta za Yerusalemu, wakati mji ulipokuwa mikononi mwa watu wa Vita vya Msalaba. Baadaye lilikuwa na askari wake wapanda farasi, na baadhi yao walikuwa wagonjwa wenyewe. Askari mtawa wa shirika jingine akipatwa na ukoma aliweza kuhamia kwa Lazaro. Alibadilisha joho na nyumba, lakini aliendelea kuwa askari, mwenye kitanda chake, nafasi yake mezani na kazi yake. Kwa muda mrefu hata mkuu wa shirika alitakiwa awe mmoja wa wagonjwa. Msalaba wa kijani walikuja kuuvaa baadaye.

Aliyasoma hayo akiwa mwanafunzi nchini Uingereza, siku aliyoingia maktaba kukwepa mvua. Lakini haja yake ya kuyasoma ilikuwa ya zamani zaidi, na yeye huwaambia wanafunzi siku ya kwanza ya muhula bila kuficha, ndiyo maana nasi tunaweza kuiandika hapa.

Bi Shariffa alizaliwa Unguja akaletwa Maskati na wazazi wake akiwa mtoto mdogo. Wakapata nyumba Matrah. Pamoja nao alikuja dada wa baba yake, Bi Zuwena, ambaye alikuwa na ukoma. Wageni waliambiwa kwamba Bi Zuwena alibaki Unguja. Kumbe alikuwa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia na mlango, na Shariffa ndiye aliyempelekea chakula. Shangazi huyo alimfundisha kusoma, kusuka ukili na kusimulia hadithi ndefu za paka wajanja, na vidole vyake vilivyokwisha kupinda vilikuwa vyepesi kuliko vya mtu yeyote nyumbani. Shariffa alikatazwa kumtaja skuli. Siku mwalimu alipowauliza watoto wanaishi na nani nyumbani, aliwataja wote isipokuwa mmoja, na anasema alitoka darasani siku hiyo hana raha na raha hiyo haijarudi yote.

Dawa mpya zilipofika katika miaka ya themanini, Bi Zuwena alitibiwa akapona. Daktari alisema hana tena ugonjwa. Baba yake Shariffa, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliufungua mlango mwenyewe, akamwambia dada yake atoke aje sebuleni na wenzake. Bi Zuwena alifika kizingitini akaitazama ile sebule, mito imepangwa, kila mtu yuko mahali pake. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nikae wapi?"

Wakati watu wanatafuta jibu, yeye alirudi chumbani. Alikufa huko miaka kadhaa baadaye, mtu mzima aliyepona. Shariffa wakati huo alikuwa amekwisha kuanza uuguzi.

Kwa hiyo aliposoma kwamba karne nyingi nyuma walikuwapo watu walioweka kanuni ya kumpa mgonjwa kama huyo mahali pa kukaa, hakuweza kunyamaza. Alipoajiriwa hapa alilileta jambo hilo darasani, na ubishi ukaanza.

Ubishi huo una jina, na jina lake ni Daktari Loay, mkuu wa idara yetu, ambaye ametupa ruhusa ya kumtaja. Daktari Loay aliona si sawa watoto wetu wafundishwe kuwasifu watu waliokuja na panga kutoka ng'ambo kuwaua Waislamu. Alisema kwamba huko Dameski, mamia ya miaka kabla ya Lazaro, khalifa Al-Walid alikuwa amewatengea wenye ukoma posho na matunzo ili wasiombe barabarani. Kwa nini tuazime kwa wengine tulichonacho? Hoja ilikuwa nzito. Bi Shariffa aliisikiliza amesimama mlangoni, kisha akamjibu:

"Walituua, na sisi tuliwaua. Hilo mimi silifichi, nnalisomesha. Na mambo ya Dameski nitayatia, umesema kweli. Lakini mtu akimtendea wema mgonjwa wake, mimi siwezi kuuacha wema huo njiani kwa sababu si wangu."

Basi Dameski ikaingia, Lazaro akabaki, na somo likawa refu mara mbili. Wawili hao wameendelea kubishana kwenye korido kwa miaka, na wanafunzi wengi wamejifunza historia kwa kusimama pale wakijifanya wanasoma matangazo.

Ni haki kusema pia kwamba Bi Shariffa hakuwapamba mashujaa wake. Aliwaambia wanafunzi kwamba wenye ukoma wa Lazaro walipelekwa vitani na miili ile ile iliyokuwa ikiuma, na kwamba katika mapigano ya mwaka 1244 karibu na Ghaza wote waliokwenda waliuawa. Ndipo papa akaruhusu mtu mzima wa afya awe mkuu, maana wagonjwa wa kuwachagua walikuwa hawapo. Halafu aliwauliza darasani ni mkuu yupi angewafaa wagonjwa zaidi, wa kabla au wa baada, akawaacha wagombane mpaka kipindi kiishe.

Miaka mitatu iliyopita, somo lilitoka kwenye vitabu likaja kusimama mbele yetu.

Wengi mnamfahamu Nahashon, fundi wetu wa viyoyozi, kijana wa Kisii aliyeletwa hapa na kampuni inayotufanyia matengenezo. Siku moja ya Juni alikuwa anatengeneza mashine katika chumba cha maabara, na Bi Shariffa, ambaye hawezi kupita mahali panapofanyika kazi bila kuchungulia, alimwona ameegemeza mkono kwenye bomba la moto. Alimpigia kelele autoe. Nahashon aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Ngozi ilikuwa imeungua na yeye hakuwa amesikia kitu. Juu kidogo ya pale palikuwa na baka lililopauka.

Bi Shariffa alilijua lile baka kabla hajaligusa. Nahashon naye, kwa namna alivyovuta upesi mkono wa shati, ilikuwa wazi kwamba alikuwa ameanza kuhisi jambo.

"Mama, tafadhali usiambie mtu," alimwambia. "Nikirudishwa nyumbani hivi, nitawaambia nimeleta nini?"

Alimjibu kwamba hospitali lazima aende, tena siku hiyo hiyo, na kwamba yeye mwenyewe atampeleka. Alimpeleka. Madaktari wakathibitisha kwamba ni ukoma, wakamwanzishia dawa, wakasema baada ya muda mfupi wa dawa hizo hawezi kumwambukiza mtu na anaweza kuendelea na kazi. Kitabibu mambo yalikuwa yamekwisha. Mambo ya watu ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Msimamizi wa ile kampuni alitaka Nahashon apande ndege wiki hiyo hiyo. Habari zilifika chuoni, na wanafunzi, watu wanaosomea uuguzi, wakaanza kufungua madirisha kwenye joto la Juni kuliko kumruhusu aguse viyoyozi vyao. Bi Shariffa hakutulia. Asubuhi alikuwa hospitalini, mchana Maskati kwenye wizara akizungushwa kutoka dirisha hadi dirisha, jioni Sib walikoishi mafundi. Mwenzake aliyekuwa akimwendesha, ambaye ndiye mwandishi wa ukurasa huu, alianza kuweka viatu vya kubadilisha ndani ya gari. Bi Shariffa alisema kwenye gari ndipo anapochoka, kwa sababu amelazimishwa kukaa.

Kikao cha wakuu wa idara kiliitwa. Daktari Loay ndiye aliyezungumza kwanza, akapendekeza kwa upole kwamba Nahashon aondolewe chuoni kwa muda, mpaka wazazi wa wanafunzi watulie. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Bi Shariffa, wa mlangoni, alimwuliza kama anashuku matokeo ya madaktari. Hapana, alisema, hayashuku.

"Dawa ameanza. Hamwambukizi mtu. Na nyinyi nyote mnajua, maana mnasomesha," alisema Bi Shariffa. "Basi niambieni anaondolewa kwa ugonjwa gani."

 Daktari Loay alivua miwani, akaisafisha, akaivaa. Hatimaye alisema kwamba hana jibu, na kwamba mtu asiye na jibu hawezi kusaini. Kikao kikaamua chuo kiiambie kampuni kwamba fundi huyo anatakiwa abaki. Siku iliyofuata, Daktari Loay alimwita Nahashon ofisini kwake kutengeneza kiyoyozi ambacho, kwa tunavyojua, kilikuwa kizima.

Ushindi huo ulisherehekewa mapema mno. Kule Sib, wenzake Nahashon wa chumbani walikuwa wamelitoa godoro lake nje kwenye kibaraza. Bi Shariffa alipoambiwa, alitaka kwenda papo hapo, na akaenda. Walikuwa vijana wa kwetu Kenya, wastaarabu, wamechoka na kazi, na walisimama wote alipoingia. Hakuwahutubia. Aliuliza habari za nyumbani kwao, akaomba chai. Kiongozi wa chumba, Fidel, alianza kutafuta kikombe kizuri. Bi Shariffa alikuwa amekiona kikombe kimoja cha bluu kimewekwa peke yake dirishani, mbali na vingine, akakinyooshea kidole.

"Mama, hicho si cha wageni," alisema Fidel. Alikuwa ameinamisha macho.

"Kwani mimi mgeni, mwanangu? Nitilie."

Fidel alimtilia. Alikunywa chai yote, taratibu, akiwaeleza jinsi shangazi yake alivyokuwa akisimulia hadithi za paka. Nahashon alikuwa amesimama kwenye kibaraza, anasikia. Hakuna aliyesema lolote kuhusu godoro, lakini tulipokuwa tunaaga, Fidel na mwenzake mmoja walikuwa wamelishika kila mmoja upande wake, wanalipitisha mlangoni.

Ndani ya gari Bi Shariffa alijaribu kufunga mkanda, ukamshinda. Mwandishi alimfungia. Alikuwa na mengi ya kumwambia ya kumpongeza, lakini Bi Shariffa alimtangulia.

"Nna khofu, Phyllis. Mpaka leo. Kichwa kinajua kwamba kikombe hakiambukizi, nimesomesha umri wangu wote. Mkono ndio haujui."

Haya hatukuyaandika kumpunguzia sifa. Aliposoma rasimu ya ukurasa huu alitaka yabaki, akisema wanafunzi wasije wakadhani khofu ikishafundishwa huondoka.

Nahashon alimaliza dawa zake na amepona. Kidole kimoja cha mwisho kimebaki kimejikunja, na bado anakitumia kushikilia nyaya. Bado ni fundi wetu. Bado wapo pia wanaokumbuka ghafla kwamba wana simu ya kupiga nje kila anapoingia chumbani na ngazi yake. Yeye huwangoja watoke, anafanya kazi, anaondoka. Bi Shariffa anawajua wote kwa majina na amekwisha kuzungumza nao mmoja mmoja, wengine zaidi ya mara moja. Ametuomba tusiandike kwamba jambo hili limekwisha. Halijakwisha.

Wiki iliyopita alifundisha somo lake la mwisho, na darasa lilijaa mpaka nje. Daktari Loay alikuja akasimama nyuma, akapinga jambo moja kuhusu tarehe, akakubaliwa. Bi Shariffa alifika kwenye kuanguka kwa Akka, mwaka 1291, mji wa mwisho ambako Lazaro walikuwa na nyumba yao baada ya kuipoteza ya Yerusalemu. Alieleza jinsi askari wao walivyokufa pale. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, Nouf, alinyoosha mkono. Alitaka kujua habari za wale wengine, wagonjwa waliokuwa vitandani, wasioweza kubeba silaha. Mji ulipoanguka, wao walikwenda wapi?

Bi Shariffa alitembea mpaka dirishani akarudi.  Wanafunzi walidhani anapanga jibu.

"Sijui," alisema mwishowe. "Walioandika wanawataja askari. Hao wengine nimewatafuta tangu nilipokuwa kama wewe, na sijui."

Kipindi kilikuwa hakijaisha, lakini alikusanya vitu vyake akatoka, na darasa zima likabaki limekaa.

Somo hilo kuanzia Septemba limekabidhiwa kwa mwandishi wa maneno haya, Mkristo wa kutoka Kenya ambaye kabla ya kuja hapa hakuwa na habari ya Lazaro huyo wala ya Dameski. Usingizi wake tangu akabidhiwe si mzuri. Alimfuata Bi Shariffa koridoni, kwa hatua za haraka kama ilivyo lazima, akamuuliza atawajibu nini wanafunzi watakapouliza swali la Nouf.

Alijibu bila kupunguza mwendo. "Waambie hujui. Halafu anzeni kutafuta."

Bi Shariffa, asante. Asante kwa vizazi vya wauguzi uliowakosesha raha mpaka wakawa wauguzi kweli. Asante kwa kubishana nasi bila kutuchoka, na kwa kutusubirisha, kutukimbiza na kututoa nje ya vyumba vyetu vyenye ubaridi. Wengine wakistaafu huombewa mapumziko. Wewe tunakuombea magoti yenye nguvu, macho ya kusomea maandishi madogo, na maktaba zisizofunga mapema. Uende kwa heri na kwa afya, mwalimu wetu, na ukiwapata watu wale wa Akka, tupigie simu saa yoyote.

Phyllis, kwa niaba ya wenzako wa chuo